Namna ya kumaliza mbio za ligi ya magari mtandaoni bila adhabu: mwongozo kamili kwa madereva wa Unguja na Pemba

Tangu Ramadhani imalizike napokea ujumbe wa namna moja kutoka kwa vijana wetu walioingia ligi za mbio za magari mtandaoni: mwendo ninao, nafuzu nafasi za mbele, lakini kila wiki natiwa adhabu. Nimekaa na baadhi yao tukaangalia marudio ya mbio zao kona kwa kona. Wengi si wakorofi hata kidogo. Wanaendesha kama wanavyoendesha wakiwa peke yao, na wanasahau kwamba seva, yaani kompyuta inayounganisha madereva wote wa mbio, iko Ulaya, maelfu ya kilomita kutoka Kiembesamaki au Chake Chake.

Gari unayoiona mbele yako kwenye skrini ni makisio. Habari za mahali ilipo hutoka kwa dereva wake, huenda kwenye seva, kisha ndipo zikufikie wewe kwa waya uliopita chini ya bahari. Katika muda huo mdogo programu hukisia: kama gari ilikuwa inakwenda moja kwa moja, inachorwa ikiendelea moja kwa moja. Na wewe unachorwa vivyo hivyo kwenye skrini za wenzako. Kwa hiyo dereva wa kwetu ana wajibu mmoja zaidi ya Mjerumani anayeishi jirani na seva: lazima atabirike. Takriban kila hatua hapa chini inarudi kwenye wajibu huo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujajiandikisha

- Usukani na pedali. Wa bei nafuu unatosha, mradi breki umeipima vizuri kwenye mipangilio na unajua inaanza kushika wapi.
- Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Usitegemee Wi-Fi, hasa kama unakaa Mji Mkongwe, ambako kuta nene za mawe na chokaa hula mawimbi.
- UPS, yaani betri ya akiba, inayobeba kompyuta pamoja na ruta. Watu hubebesha kompyuta peke yake. Umeme ukikatika skrini inabaki inawaka, lakini wewe umeshatoka mbioni.
- Bando la kutosha. Mbio zenyewe hazili data nyingi. Kinachomaliza bando ni masasisho ya programu na kupakua njia mpya za mbio. Fanya hayo siku moja kabla, kisha uzime masasisho ya simu na kompyuta zote za nyumbani.
- Hedfoni zenye kipaza sauti, kwa ajili ya kikao cha madereva.
- Kanuni za ligi yako, zikiwa kwenye karatasi.
- Nafasi kwenye diski ya kuhifadhi marudio ya kila mbio. Bila marudio huna ushahidi, na bila ushahidi huna kesi.

## Hatua ya 1: Soma kanuni ukiwa na kalamu mkononi

Usizisome kama gazeti. Tafuta majibu ya mambo haya na uyaandike kwenye nusu ya karatasi utakayoibandika kando ya skrini: pingi (muda wa habari kwenda kwenye seva na kurudi) ya juu inayoruhusiwa ni ngapi, magurudumu mangapi yakivuka mstari unahesabiwa umetoka nje ya njia, maonyo mangapi huleta adhabu, bendera ya buluu (ya kumpisha anayekuzidi mzunguko) ni amri au taarifa tu, malalamiko yanapokelewa kuanzia lini hadi lini.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba programu na ligi hazifanani. iRacing, kwa mfano, ambayo ni programu ya mbio za magari mtandaoni, huhesabu alama za matukio bila kuuliza nani mwenye kosa. Katika mbio za lami, kutoka nje ya njia ni alama 1, kupoteza udhibiti au kugonga ukuta ni 2, kugongana na gari nyingine kwa nguvu ni 4, na wote wawili waliogongana huzipata. Kwa hiyo maneno "mimi sikukosa" hayafuti alama za kompyuta. Waamuzi wa ligi wao huangalia kosa, na adhabu yao huja juu ya hizo.

Ligi nyingi pia zina alama za leseni zinazolimbikizwa, kwa mfano wa Formula 1, ambako dereva akifikisha alama 12 ndani ya miezi 12 hufungiwa mbio moja. Kevin Magnussen alifikisha 12 mwaka 2024 akakosa mbio za Azabajani. Alizipata kidogo kidogo, na ndivyo zinavyowapata madereva wengi: leo mbili, wiki ijayo moja, mpaka unafungiwa kwa kosa ambalo peke yake ni dogo.

Umefanikiwa ukiwa: unaweza kuyajibu mambo hayo matano bila kuangalia karatasi.

## Hatua ya 2: Hesabu saa mara mbili

Ligi ya Uingereza ikitangaza 19:00, wakati wa baridi yao hiyo ni saa 4 usiku kwetu. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, na mbio zile zile zinakuwa saa 3 usiku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudi saa 4. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo mabadiliko yao yanatukuta tumekaa.

Mwezi wa Ramadhani saa 3 usiku mtu yumo katika tarawehe. Mwandikie msimamizi mapema, kabla msimu haujaanza, utaje tarehe ambazo hutakuwepo. Wasimamizi niliowahi kuwaandikia walielewa na wakashukuru. Wanachoadhibu ni kiti kilichobaki wazi bila taarifa.

## Hatua ya 3: Pima mtandao katika saa ile ile ya mbio

Kipimo cha asubuhi hakina maana, kwa sababu usiku mtaa mzima uko mtandaoni. Ingia kwenye seva ya mazoezi ya ligi kwa nusu saa na uangalie pingi.

Zaidi ya ukubwa wake, angalia utulivu. Pingi ya milisekunde 160 iliyokaa palepale ni bora kuliko ya 90 inayopanda ghafla hadi 300. Ile ya kwanza wenzako wataizoea. Ya pili itaifanya gari yako iruke-ruke, na anayeruka-ruka hapewi nafasi ya kupita.

Sasa fanya hesabu hii, maana ndiyo niliyoona inawabadilisha watu. Gari inayokwenda kilomita 200 kwa saa inakata karibu mita 56 kila sekunde. Katika milisekunde 160 inakuwa imeshakwenda karibu mita 9. Gari ya daraja la GT3, daraja la gari za mbio zinazotokana na gari za kawaida za michezo, ina urefu usiofika mita 5. Ina maana kati ya unachokiona na kinachotendeka panaweza kuingia urefu wa gari karibu mbili. Mwenzako akikanyaga breki mapema kuliko programu ilivyokisia, utamkuta ndani ya boneti yako kabla hujaiona taa yake ya nyuma ikiwaka.

Onyo: pingi ikivuka kiwango cha ligi usiku wa mbio, mwambie msimamizi mwenyewe kabla ya kuanza. Kuanza nyuma ya wote kwa hiari ni bora kuliko kuondolewa mzunguko wa 3.

## Hatua ya 4: Muda wa kufuzu

Hapa ni pafupi. Huu ndio muda wa kutafuta nafasi ya kuanzia mbio. Ukiwa kwenye mzunguko wa kupasha matairi na nyuma yako yuko anayetafuta muda, sogelea ukingo upande usio wa njia ya mbio, kaa hapo, mwache apite. Usipunguze mwendo katikati ya kona kumpisha. Na usiandike chochote kwenye maandishi ya pamoja; ligi nyingi zinaadhibu hilo, hata ukiandika salamu.

## Hatua ya 5: Mzunguko wa kwanza

Adhabu nyingi nilizoziona kwenye marudio ya vijana wetu zilipatikana hapa, na karibu zote kwenye kona ya kwanza. Tuchukue Monza. Njia ndefu iliyonyooka, kisha kona ya kulia iliyobana, na papo hapo ya kushoto. Gari zaidi ya 20 zinataka kupita mahali penye upana wa gari mbili.

Mambo manne hubadilika mzunguko wa kwanza: matairi baridi, tangi limejaa, upepo umevurugwa na gari za mbele kwa hiyo yako haishiki vizuri, na msafara mzima unabana kama akodiani. Wa kwanza akipunguza kidogo, wa kumi anasimama kabisa. Aliyezoea kukanyaga breki kwenye kibao cha mita 100 kabla ya kona akiwa peke yake, akikanyaga hapo hapo mzunguko wa kwanza ameshamgonga mtu.

Fanya hivi:

1. Kanyaga breki mapema, mita 20 hadi 30 kabla ya mahali pako pa kawaida, na kwa ulaini. Ukikanyaga kwa ghafla, aliye nyuma yako naye ana makisio yake kuhusu wewe.
2. Usitazame gari iliyo mbele yako pekee. Tazama ya tatu mbele. Ikianza kuwasha taa za breki, nawe anza.
3. Kaa nusu gari upande mmoja, usiwe nyuma kabisa ya mwenzako. Akisimama ghafla utakuwa na pa kutorokea.
4. Chagua upande wako kabla ya eneo la breki, kisha ubaki nao. Atakayekuwa ubavuni mwako anakutegemea usihame.
5. Kama mbio zinaanza gari zikiwa zinatembea, usimpite mtu kabla ya pale kanuni zinapotaja, ambapo mara nyingi ni taa ya kijani au mstari.

Utapoteza nafasi mbili, pengine tatu. Kubali. Mbele yako wapo watakaogongana, na utazipata nafasi hizo wakiwa wamekaa pembeni wanageuza gari.

Umefanikiwa ukiwa: umemaliza mzunguko wa kwanza na gari ambayo haijaguswa. Ndio kipimo pekee. Nafasi usiihesabu bado.

## Hatua ya 6: Kupita na kupitwa

Anayetoka nyuma ndiye mwenye jukumu la kupita kwa usalama. Sheria hii ikikukaa, nyingine zote utazielewa, na waamuzi huanzia hapo wanapoangalia video.

Ili uwe na haki ya kuachiwa nafasi ndani ya kona, ligi nyingi hutaka uwe umeshafika ubavuni mwa mwenzako kabla hajaanza kugeuza usukani. Kipimo cha "kufika ubavuni" hutofautiana: wengine wanasema gurudumu lako la mbele lifike usawa wa kioo chake, wengine katikati ya gari. Hicho ni cha kuandikwa kwenye karatasi yako. Ukiwa hujafika, kona si yako. Kujitosa kutoka mbali ukitumaini atakuona ndilo kosa linaloadhibiwa kuliko yote, na kwa sisi wa pingi ya juu ni hatari maradufu: huenda kwenye skrini yako umefika ubavuni na kwenye yake bado uko nyuma ya bampa. Mimi hujiwekea kipimo kikali kuliko cha ligi. Kama sijafika mlangoni mwake kabla ya breki, nasubiri kona inayofuata.

Ukiwa wewe ndiwe unayepitwa, una haki ya kujilinda kwa kuhama upande mara moja. Ukiamua kurudi kwenye njia ya mbio kabla ya kona, mwachie upana wa gari moja upande ule. Kuhama wakati wa kukanyaga breki ni marufuku, na kuyumba kulia na kushoto kwenye njia iliyonyooka pia. Mkiingia kona mkiwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja amwachie mwenzake nafasi mpaka mnatoka upande wa pili.

Kuna suala la kuwasha taa. Mahamali wa Darajani wakisukuma mkokoteni hupiga kelele "Habedari!" ili ujue wapo. Hawakutukani, na hawasemi kichochoro ni chao. Kuwasha taa mara moja ni habedari. Kuziwasha kona tatu mfululizo ni usumbufu, na zipo ligi zinazouadhibu.

Ukimgusa mwenzako ukapata nafasi kwa sababu hiyo, irudishe. Subiri mahali palipo nyooka, sogea ukingoni, inua mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki, na umwache apite kabisa. Kisha usimshambulie kwenye kona inayofuata. Waamuzi wanapoona umerudisha nafasi mwenyewe, mara nyingi adhabu hupungua au huondoka kabisa.

## Hatua ya 7: Bendera

Njano: kuna hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Kosa la vijana wetu ni kuiona njano wakaangalia kwanza aliyepata ajali. Angalia njia.

Buluu ndiyo inayochanganya. Katika Formula 1 ni amri: anayezidiwa mzunguko lazima apishe mapema. Katika iRacing ni taarifa tu kwamba nyuma kuna mwenye mwendo zaidi, na yeye ndiye wa kutafuta njia. Katika ligi yako itakuwa mojawapo ya hizo. Iwe ipi, unayepitwa shikilia njia yako ya kawaida na upishe mahali palipo nyooka. Anayetaka kukusaidia kwa kuhama ghafla katikati ya kona ndiye anayesababisha ajali.

Nyeusi yenye duara la chungwa maana yake gari yako ina hitilafu, nenda piti, yaani kituo cha matengenezo kando ya njia, ikatengenezwe. Nyeusi na nyeupe zilizogawanywa kwa mstari wa mshazari ni onyo la mwenendo. Ukiipata hiyo, tulia.

## Hatua ya 8: Ukizunguka au ukitoka nje

Adhabu yangu kubwa kuliko zote niliipata hapa. Nilizunguka kwenye kona ya pili ya Spa, nikaona aibu, nikakanyaga mafuta nirudi haraka. Gari mbili zilinikuta katikati ya njia. Madereva wote wawili walikuwa wamejiandaa wiki nzima kwa ajili ya mbio zile, na mimi nikazimaliza kwa sekunde mbili za haraka yangu. Niliwaandikia wote kuomba radhi, na tangu siku hiyo hatua hii naifanyia mazoezi kama ninavyofanyia mazoezi ya kuanza.

1. Kanyaga breki na klachi hadi chini, na ubaki hivyo. Gari iliyosimama kila mtu anaikwepa, kwa sababu makisio ya programu juu yake ni sahihi. Gari inayorudi nyuma taratibu hakuna anayejua itakuwa wapi.
2. Usitembee hata kama uko katikati ya njia wakati gari zinakuja. Wao ndio watakaochagua upande.
3. Fungua orodha ya gari zilizo karibu ujue aliye nyuma yuko sekunde ngapi. Tumia na vitufe vya kutazama kulia na kushoto.
4. Subiri pengo halisi. Kwangu mimi ni sekunde 6 au zaidi, kwa sababu unaanza kutoka sifuri na wao wanakuja na mwendo wote.
5. Rudi ukiwa sambamba na njia, kwa kufuata ukingo, na usiukate mstari wa mbio mpaka umepata mwendo.

Ukiwa umetoka kwenye majani bila kuzunguka, inua mguu. Kurudi kwa mwendo kamili huku gari ikiteleza upande kwa upande ndiko kunakoandikwa "kurudi bila usalama", na hata kama hukumgusa mtu unaweza kuadhibiwa kwa kumlazimisha mwingine akukwepe.

Umefanikiwa ukiwa: hakuna dereva aliyelazimika kugeuza usukani kwa ajili yako.

## Hatua ya 9: Kutumikia adhabu ndani ya mbio

Ukiamriwa kupita piti bila kusimama, mara nyingi unapewa mizunguko 3. Usiunganishe na kujaza mafuta au kubadilisha matairi, maana haitahesabiwa. Kanyaga breki kabla ya mstari wa piti, washa kidhibiti mwendo, na usikizime mpaka uvuke mstari wa kutokea. Kisha kaa ndani ya mstari wa kutoka piti hadi uishe. Ukiukata umejipatia adhabu ya pili.

Adhabu ya sekunde 5 au 10 huongezwa mwishoni, kwa hiyo bado una mbio za kuendesha. Ukiwa na hasira, pumua mzunguko mzima kabla ya kumkaribia mtu.

## Hatua ya 10: Malalamiko na utetezi

Ligi nyingi hazipokei malalamiko usiku ule ule, na zinafanya vizuri. Lala. Asubuhi fungua marudio na utazame tukio kwa jicho la gari ya mwenzako kwanza, kisha yako, kisha kutoka juu. Mara nyingi, ukishaliona kwa jicho lake, malalamiko yanakufa yenyewe.

Yakibaki, andika maneno machache yasiyo na lawama. Sampuli:

> Mbio za 4, Monza. Mzunguko wa 7, kona ya 1. Gari 24 (mimi) na gari 51. Muda kwenye marudio: 14:32. Nilikuwa upande wa ndani, gurudumu langu la mbele likiwa usawa wa mlango wake kabla ya kugeuza. Gari 51 iligeuza ikanigusa. Nilipoteza nafasi 5. Video: sekunde 10 kabla na 10 baada, kwa jicho la kila gari.

Hakuna "makusudi", hakuna "kila wiki". Waamuzi hawawezi kupima nia ya mtu. Wanapima mahali pa magurudumu. Kama ligi inatumia Kiingereza, andika sentensi fupi za aina hii hii, hata Kiingereza cha skuli kinatosha. Jambo moja zaidi kwa sisi: marudio yaliyohifadhiwa kwako yanaonyesha makisio ya upande wako. Omba waamuzi watumie marudio ya seva, au ya dereva wa pili, na ulitaje hilo waziwazi.

Ukilalamikiwa wewe, jibu ndani ya muda uliowekwa. Kama ulikosa, sema ulikosa, taja kona na ulichokosea, na mwandikie uliyemharibia mbio. Uamuzi ukitoka na una hoja mpya, kata rufaa mara moja tu, na iwe na video ambayo hawakuiona. Kisha chukua ile nusu karatasi iliyo kando ya skrini na uandike juu yake kona uliyoadhibiwa na mahali utakapokanyaga breki wiki ijayo.